Gombe au Mahale: kuchagua matembezi ya kutazama ndege katika misitu ya mwambao wa Ziwa Tanganyika

Ndugu na marafiki wanaofikia nyumbani kwetu Kigoma wakiwa na darubini shingoni huniuliza swali moja. Kama mtu ana nauli ya kwenda hifadhi moja tu, na anachotaka ni kutembea msituni akiongozwa na mtu anayewajua ndege, aende Gombe au Mahale? Mara nyingi swali hilo hujibiwa kwa kuangalia sokwe, kwa kuwa ndio waliozipa hifadhi hizi mbili jina duniani, na jibu la namna hiyo halimsaidii mtazama ndege hata kidogo. Matembezi ya kufuatilia sokwe na matembezi ya kutazama ndege hupita katika njia zile zile, lakini mwendo wake ni tofauti kabisa, na mambo yanayoifanya hifadhi iwe nzuri kwa safari moja yanaweza kuwa kero katika nyingine.

Nimetembea katika misitu yote miwili zaidi ya mara moja, na maoni yangu nayaweka wazi tangu mwanzo. Mwenye siku mbili hadi nne achague Gombe. Mwenye wiki nzima na miguu yenye nguvu, hasa yule anayetamani ndege wa milimani, aende Mahale na asijutie gharama. Kwa wote wawili, uamuzi wa nani atawaongoza ni mzito kuliko uamuzi wa hifadhi gani, na jambo hilo nimelitengea nafasi kubwa mwishoni.

Safari ya majini na saa za mwanga

Gombe iko kaskazini mwa mji wa Kigoma, umbali wa kilometa kama 16 kwa maji, na haina barabara ya kuingilia. Boti ya mwendo kasi ya kukodi huchukua muda wa saa moja hivi. Boti za abiria za mbao, zinazoondoka katika mwalo wa Kibirizi zikiwa na mizigo, mafuta na wanakijiji wanaorudi makwao, huenda polepole zaidi, na nauli yake ni ndogo mno ukilinganisha na boti ya kukodi. Mahale iko upande wa kusini, kilometa zinazozidi 120 kutoka mjini, na hata kwa boti yenye injini kubwa safari hiyo humaliza nusu siku. Wapo wanaofika Mahale kwa ndege ndogo kutoka Arusha, na wapo wanaopita barabara ya kusini ya wilaya ya Uvinza kisha wakamalizia kwa maji, lakini kwa mtu anayeanzia Kigoma mjini njia ya kawaida bado ni ziwa.

Umbali huo una maana kubwa kwa mtazama ndege kuliko kwa mtu anayekuja kuona sokwe, kwa sababu ya saa. Saa za nchi yetu zote hufuata mstari ulio mashariki mwa Dar es Salaam, na sisi tuko mbali magharibi, hivyo jua la Kigoma huchomoza takriban dakika 40 baada ya kuchomoza Dar es Salaam, yaani kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache kutegemea mwezi. Zaidi ya hapo, Gombe na Mahale zote ziko ukingo wa mashariki wa ziwa, milima ikiwa nyuma yake upande wa mawio. Anga huwa jeupe juu ya maji huku bonde likiwa bado gizani, na miale ya jua hufika chini ya miti muda mrefu baadaye. Ndege hufuata mwanga huo. Mtu aliyezoea kutazama ndege kwenye misitu ya pwani ya bahari, ambako kufikia saa 3 asubuhi joto limeshawanyamazisha, atashangaa kukuta bonde la Gombe bado linaimba saa hiyo.

Kwa hiyo usihesabu siku zako kwa usiku utakaolala, hesabu asubuhi utakazozipata msituni. Anayekwenda Gombe kwa boti ya kukodi na kurudi siku hiyo hiyo anaweza kufika mapema kiasi cha kuokoa sehemu nzuri ya asubuhi, ingawa sehemu ya kwanza kabisa humpita akiwa bado majini. Anayepanda boti ya abiria ana hesabu nyingine. Kwa kawaida boti hizo hutoka Kibirizi mchana na kurudi mjini asubuhi ya siku inayofuata, hivyo aliyelala usiku mmoja tu huamka na kwenda ufukweni kungoja boti wakati ule ule ambao alipaswa kuwa bondeni. Namshauri alale usiku mara mbili, naye atapata asubuhi moja kamili isiyoguswa na safari. Kwa Mahale, chini ya usiku tatu sioni faida, kwani siku ya kwanza na ya mwisho huliwa na ziwa. Katika miezi ya kiangazi upepo huweza kuchafua maji kuanzia adhuhuri, na hata nahodha hodari huamua kuchelewa. Ratiba isiyo na siku moja ya akiba ni ratiba ya wasiwasi.

Misitu miwili na ndege wake

Gombe ni hifadhi ndogo. Eneo lake halifiki kilometa za mraba 60, na lilitengwa kama pori la akiba mwaka 1943 kabla ya kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Umbo lake ni la mabonde membamba yanayoshuka kwa kasi kutoka kwenye miinuko ya bonde la ufa hadi ziwani, kila bonde na kijito chake: Kakombe, Mkenke, Mitumba na mengineyo. Msitu mzito umejaa kandokando ya vijito hivyo, wakati migongo ya milima ina miti iliyoachana na nyasi ndefu. Kwa mtazama ndege, mpangilio huu ni zawadi. Ndani ya saa tatu unaweza kuanza ufukweni, ukamwona mdiria wa madoa meusi na meupe akisimama angani juu ya maji kabla ya kujitosa, ukamsikia furukombe akiita kutoka mti wa pembeni, kisha ukaingia msitu wa kijito wenye giza na utulivu, ukapanda hadi kwenye mgongo wenye upepo na ndege wa aina nyingine kabisa, na ukarudi kabla ya chakula cha mchana. Aina zaidi ya 200 zimeorodheshwa katika kipande hicho kidogo.

Kuna ndege mmoja wa Gombe ambaye anatosha kuwa sababu ya safari kwa mtu anayeanza. Ni mdogo, ukubwa wake haufiki wa shomoro aliyenenepa, kichwa na mgongo wake ni wa kahawia, uso na kifua vyake ni vyekundu kama pilipili iliyoiva, na tumbo lake jeusi limetapakaa madoa meupe ya mviringo, kana kwamba mtu aliyachovya kwa ncha ya njiti. Katika misitu mingi ndege huyu hujificha kwenye vichaka vya chini na kuonekana kwa nukta moja tu. Huku Gombe, ndege huyu amezoea watu. Huruka-ruka ardhini karibu na majengo ya wageni akidonoa mbegu, na ukikaa kwenye kizingiti bila kutikisika atakusogelea hadi uweze kuyahesabu madoa yake bila darubini.

Juu ya miti yupo shorobo, ambaye wengine humwita kulukulu, yule wa zambarau iliyokolea mwenye kishungi chekundu na mdomo wa manjano. Akiwa ametulia kwenye majani huonekana mweusi tu, lakini anapofungua mabawa kuvuka kijito, wekundu huwaka ghafla. Rangi hiyo hutokana na kemikali yenye madini ya shaba ndani ya manyoya, na hakuna ndege wa jamii nyingine anayejulikana kuwa nayo. Kwenye michikichi, ambayo Gombe inayo kama ilivyo kwetu vijijini, tazama vizuri kila ndege mkubwa mweupe mwenye nyeusi mabawani. Huenda ni yule tumbusi wa ajabu ambaye, tofauti na ndugu zake wanaongoja mizoga, chakula chake kikuu ni tunda la mchikichi. Kwa mtu aliyekulia kwenye mawese, kuona tumbusi akimenya chikichi kwa mdomo ni jambo lisilosahaulika.

Mahale ni habari ya ukubwa. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985, eneo lake ni takriban kilometa za mraba 1,600, na kilele chake cha Nkungwe hufika mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, wakati uso wa ziwa chini yake uko mita 770 na kidogo. Tofauti hiyo ya mwinuko ndiyo inayowagawa ndege. Chini, katika msitu wa Kasoge ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza kuwafuatilia sokwe mwaka 1965, miti ni mirefu kuliko ya Gombe, mizabibu-mwitu imefungamana, na mwanga hushuka kwa matone. Humo utawakuta kororo, wale kanga wenye nywele nyeusi zilizojisokota kichwani kama kofia, wakitembea kwa makundi chini ya miti ambayo kima wanakula juu yake, kwa kuwa matunda yanayodondoshwa na kima ni karamu yao. Hondohondo wenye sauti kama mtoto anayelia husikika kutoka mbali, na kabla ya kuwaona utasikia mabawa yao yakikata hewa.

Juu zaidi, kwenye misitu ya milimani, ndiko anakoishi ndege mdogo wa kijivu mwenye mkia mrefu ambaye jina lake la kawaida la Kiingereza limebeba jina la mlima wa Kungwe, ambao ndio huo huo Nkungwe. Mtaalamu wa ndege Reginald Moreau ndiye aliyemweleza kwa mara ya kwanza katika sayansi mwaka 1941. Hana rangi za kujivunia, na mtu asiyejua thamani yake atampita bila kugeuka. Lakini kumwona ni lazima upande, na kupanda kuelekea vilele vya Mahale hakufanyiki kama matembezi ya asubuhi: hupangwa kwa siku mbili au zaidi, kwa kulala mlimani, pamoja na askari mwenye silaha, kwa sababu katika milima hiyo wapo chui na simba pia. Mwenye magoti mabovu, kama nilivyo sasa, atalazimika kuridhika na Kasoge, na hapo ndipo ninapomwambia kwa dhati kwamba Kasoge peke yake haimzidi Gombe kwa kiasi kinacholingana na tofauti ya nauli.

Jambo moja la Gombe linahuzunisha, na mtazama ndege hulihisi haraka. Nje ya mipaka yake vilima vingi vimekuwa mashamba, hivyo msitu umebaki kama kisiwa. Ukisimama juu ya mgongo wa mlima ukatazama ziwani utaona miti. Ukigeuka kuelekea mashariki utaona mihogo na migomba. Mahale haina mpaka wa karibu namna hiyo, na mtu anayetaka kupotea katika sauti za msitu bila kusikia shoka wala jogoo ataupata utulivu huo huko.

Kiangazi au masika

Kuhusu msimu, hifadhi zote mbili zinafanana kwa hiyo sitarefusha. Kuanzia Juni hadi Septemba njia ni kavu na kupanda ni rahisi, lakini ndege wengi wako kimya. Mvua zinapoanza, Oktoba kuelekea Novemba, dudumizi huanza kumimina sauti yake ya maji, ndege wengi huvaa manyoya ya kuzalia, na wahamiaji kutoka Ulaya na Asia huwa wamewasili hadi Machi au Aprili. Njia huteleza na viatu hubaki vimelowa. Mimi huchagua Novemba kwa Gombe, ambako utelezi hauhatarishi sana katika njia za chini, na kiangazi kwa Mahale.

Gharama

Sitaji viwango, kwa sababu hubadilika na hutofautiana kati ya raia wa Afrika Mashariki na mgeni. Kinachobaki vile vile ni muundo wake. Kiingilio huhesabiwa kwa muda utakaokaa, huduma ya mwongozaji hulipiwa kando, na malipo ya hifadhi hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, hivyo usitegemee kufika ukatoa fedha taslimu. Kwa Gombe, mtu anayepanda boti ya abiria na kulala kwenye vyumba vya hifadhi anaweza kuifanya safari kwa bajeti ya mtumishi wa kawaida. Kwa Mahale, boti ndiyo inayoamua kila kitu, na njia pekee ya kuipunguza ni kwenda watu sita au wanane wenye nia moja. Hapo jihadhari: kundi lenye nia mbili, nusu sokwe na nusu ndege, huwakera wote. Kumbuka pia kwamba mwenye mafua haruhusiwi kukaribia sokwe katika hifadhi yoyote kati ya hizi, na kwa kuwa mtazama ndege anaweza kukutana nao njiani, barakoa iwe mfukoni daima. Gombe ongeza tahadhari ya nyani wa ufukweni, ambao wataingia chumbani kuchukua ndizi zako ukiacha mlango wazi kwa dakika moja.

Wapo wasiopaswa kuchagua hata moja kati ya hizi mbili. Anayemtaka korongo nyangumi, yule mwenye mdomo kama kiatu cha mbao, atafute njia ya kwenda ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar mwaka 2000. Na anayependa misitu ya miombo kuliko misitu ya kijani kibichi ateremke kwenye reli Tabora, nchi ya asali, ambako mlembe bado humwita mtu na kumwongoza hadi kwenye mzinga. Huko avae kahawia au kijani kilichofifia, kwani mbung'o huvutwa na nguo nyeusi na za buluu.

Mwongozaji

Sasa nije kwenye lililo kubwa. Siku moja, katika mojawapo ya misitu hii, niliongozwa na kijana mwenye bidii sana. Alikuwa na redio ya mawasiliano mkononi, na kila baada ya dakika chache ilitangaza kwamba sokwe wameonekana bonde la pili. Nilikuwa nimeeleza kwamba nimekuja kwa ajili ya ndege, lakini kazi aliyoizoea ilimvuta, na tulipanda na kushuka karibu kwa kukimbia. Nilisikia shorobo wawili, hondohondo, na wimbo ambao mpaka leo sijui ni wa nani. Sikumwona hata mmoja. Niliporudi kambini daftari langu lilikuwa na mstari mmoja tu, nao ulihusu mdiria niliyemwona nikiwa bado kwenye boti.

Simlaumu. Sokwe hutembea, na anayewafuata lazima atembee kuliko wao. Ndege wa msituni humjia aliyesimama. Safari iliyofuata niliongozwa na mzee mmoja kwenye bonde la Kakombe, na katika saa nzima ya kwanza hatukuvuka mita 300. Mahali fulani aligusa mkono wa koti langu akasema kwa sauti ya chini, "Mama, tusimame kidogo hapa, yupo." Mimi nilisikia mlio nilioudhani ni wa mdudu. Hakuonyesha kwa kidole. Aligeuza kidevu tu kuelekea kwenye majani makavu chini ya kichaka. Tulingoja muda wa kutosha kwa siafu kuanza kupanda kiatu changu. Kisha majani yakatikisika, na yule ndege mwenye madoa akatoka hatua tatu mbele yetu, safari hii katika msitu wake mwenyewe, akafuatwa na jike lake. Sikuwa nimejua kwamba mlio ule ni wa ndege ambaye nilishamwona mara nyingi pale kwenye majengo.

Waongozaji wa Gombe wana faida ya njia zilizochongwa na utafiti wa miaka mingi tangu Jane Goodall alipofika Julai 1960, na kwa kuwa mabonde ni madogo, mtu aliyefanya kazi hapo kwa muda mrefu huujua mti mmoja mmoja. Mahale wapo pia watu wa namna hiyo, wengi wao Watongwe ambao mababu zao waliishi kwenye miteremko ile, na ujuzi wao wa majina ya miti na ndege kwa Kitongwe ni hazina. Tatizo ni kwamba katika kambi za Mahale mgeni hupangiwa mwongozaji kulingana na ratiba ya sokwe, na nafasi ya kuchagua ni ndogo. Gombe, ukitoa taarifa mapema, unaweza kumwomba mtu fulani na ukampata. Kwangu mimi sababu hii huipa Gombe uzito kuliko zote.

Omba matembezi ya ndege kwa maneno hayo hayo, na uombe redio ipunguzwe sauti. Darubini ya 8 kwa 42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha, na ni bora kuliko yenye nguvu ya 10, kwa sababu msituni unahitaji mwanga na uwanja mpana. Programu ya simu inayotambua sauti za ndege ipakue ukiwa mjini, uitumie kusikiliza tu. Kupiga sauti za ndege ili kuwavuta wakati wa kutaga huwafanya waache viota kwenda kumfukuza mpinzani asiyekuwepo, na mwongozaji mwema atakukataza.

Kabla ya kulipa, zungumza naye kwa simu na umuulize ni mkuyu upi unaozaa wiki hiyo. Mkuyu wenye matunda huwakusanya shorobo, hondohondo na ninga kwa pamoja, na aliye msituni kila siku kwa macho ya ndege hujibu bila kufikiri. Mara ya mwisho nilipouliza, upande wa pili wa simu kulikuwa na kelele za mawimbi, na jibu lilikuja pale pale: "Ule wa juu kidogo ya maporomoko, Mama. Lakini mje kabla ya Jumamosi, sokwe wakishaufikia hawabakizi kitu."